Karatasi mkononi: shajara ya kuthibitisha wanachama kwa picha

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Kazi imeanza leo, na imeanza kwa aibu. Kijana mmoja wa Roysambu amekuja ofisini kwetu Ngara, kapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, kutuonyesha simu yake. Humu mtandaoni mwetu alikutana na "dada" anayetafuta mtu wa kugawana naye kodi ya bedsita Zimmerman. Picha sita, zote za mtu mmoja, zote za kupendeza. Akatuma shilingi 4,500 za kushikia nyumba. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamume. Alipouliza, akaambiwa ni laini ya mjomba. Tangu hapo kimya.

"Sasa kaka," akaniuliza, "nyinyi wenyewe mnajua nani ni nani humu ndani?"

Nilimwambia ukweli kwamba hatujui.

Kwa atakayeisoma shajara hii baadaye: mtandao wetu ni mdogo, wa watu waliohamia Nairobi karibuni na wanatafutana. Huyu anataka wa kucheza naye mpira Jumapili, yule wa kupanda naye Ngong Hills, wengine ndio hao wa kugawana nyumba. Tuko watatu: mimi wa programu, mwenzangu wa seva, na dada anayepokea malalamiko, ambaye ndiye anayewajua wanachama kuliko sisi wawili. Tumekubaliana hivi. Anayetaka tiki, yaani alama ya aliyethibitishwa, ajipige picha ameshika karatasi yenye msimbo tuliompa siku hiyo, nasi tuilinganishe na picha za akaunti yake. Ni njia ya kizamani, lakini karatasi inasema mambo mawili ambayo uso peke yake hausemi: picha ni ya leo, na imepigwa kwa ajili yetu.

Jumanne

Mwenzangu anasema tuombe kitambulisho tumalize maneno. Nimekataa, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Nairobi hii huingii jengo bila soja kukudai kitambulisho na kukuandika kwenye daftari kubwa: jina, namba, simu, saa. Daftari lenyewe liko wazi mezani, aliye nyuma yako kwenye foleni anajisomea. "Si watu wamezoea?" akasema mwenzangu. Ndiyo maana sitaki. Kitambulisho kitatupa jina kamili, namba na tarehe ya kuzaliwa, na katika hayo hakuna tunalolihitaji. Swali letu ni moja tu, kama uso ulio kwenye akaunti ni wa aliyeshika simu. Kwa swali hilo kitambulisho hakisaidii sana, maana wengi picha ile waliipiga wakiwa na miaka 18.

Halafu iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka mtu achukue data inayotosha kazi yake na si zaidi. Kamishna wa Data hafanyi mzaha: Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya hapa mjini shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Faini ya namna hiyo kwetu ni kufunga mlango na kurudisha ufunguo kwa mwenye jengo. Mwenzangu alinyamaza hapo.

Alhamisi

Picha za kwanza zimeingia. Nilitarajia kukamata matapeli, nimekuta karatasi zinazoelea gizani.

Nieleze nilichokiona. Picha ya kwanza: karatasi nyeupe pe, msimbo unasomeka hata kwa mtu aliyesimama mlangoni, na juu ya karatasi kivuli chenye meno. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu huyo ndugu amejipiga nje saa saba mchana, jua la utosini, karatasi inawaka kama bati jipya na uso umezama. Kati ya picha kumi na moja, nane hatuwezi kuapa ni nani yule.

Dada wa malalamiko aliangalia akacheka. "Hizi simu zetu zinaona karatasi, hazituoni sisi."

Na ndivyo ilivyo kweli. Kamera ya simu hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Ukiweka karatasi nyeupe kifuani, kamera inadhani pana mwanga mwingi mno, inapunguza, na ngozi nyeusi iliyo juu ya karatasi ndiyo inayolipa gharama. Mwenye simu ya bei kubwa haoni tatizo hili sana, kwa kuwa simu yake inatafuta uso kwanza. Wanachama wetu wengi hawana simu hizo.

Kwa hiyo wa kwanza kukataliwa na mfumo wetu wa kuzuia matapeli ni watu waaminifu wenye simu za bei nafuu.

Ijumaa

Siku nzima ya majaribio, na nimeifurahia kuliko kuandika programu. Tumechukua simu nne, pamoja na ya mama anayetupikia chapati hapo chini, ambayo kioo chake kimepasuka kama ramani ya mito. Tumejipiga dirishani, chini ya balbu, kwenye korido, na kibandani kwa mama mwenyewe chini ya mabati.

Ukurasa wa daftari la mistari ni afadhali kidogo kuliko karatasi ya printa. Gazeti ni afadhali zaidi, ila msimbo haufui dafu mbele ya vichwa vya habari. Iliyoshinda ni khaki. Mama alikuwa anatufungia chapati kwenye mfuko wa khaki (tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 mji mzima unafungiwa khaki), nikauchana, nikaandika msimbo kwa kalamu nene, tukapiga palepale chini ya mabati. Uso wote umetokea, mpaka kovu dogo la mama juu ya nyusi.

"Kumbe mimi si mweusi hivyo," akasema mama, akaomba tumtumie ile picha.

Siwezi kumwamuru mtu anunue chapati ndipo athibitishwe. Kwa hiyo maelekezo mapya ni haya: tazama dirisha, usiligeuzie mgongo; karatasi yoyote isiyo nyeupe ni bora, hata boksi la sabuni; na kabla ya kupiga, gusa uso wako kwenye kioo cha simu. Kule kugusa kunaiambia kamera ipime mwanga usoni, isipime karatasini. Nimeshangaa ni wangapi hawajui hilo. Na mimi mwenyewe sikujua hadi leo saa tano.

Wiki ya pili, Jumatatu

Nyuso zinaonekana sasa. Maandishi ndiyo yamegeuka.

Kamera ya mbele inamwonyesha mtu kama kioo kinavyomwonyesha. Simu nyingine zikihifadhi zinaigeuza picha ikae sawa, nyingine zinaiacha vilevile. Mwanachama anaona msimbo wake uko kinyume, anadhani amekosea, anapiga tena, na tena. Mmoja wa Kayole alikaa akaandika herufi kinyumenyume kwa makusudi, kwa ufundi wa kuheshimika, na simu yake ikawa ni ya zile zinazogeuza. Tulipokea msimbo ulioandikwa kama maandishi ya mbele ya ambulansi.

Nikapata wazo ambalo lilinipandisha kichwa kwa muda. Tutumie herufi ambazo kioo hakiziharibu: A, H, M, T, U, V, W, X, Y. Zigeuze utakavyo, zinabaki zilezile. Kinachobadilika ni mpangilio tu, na huo tunaweza kuusoma kutoka pande zote mbili. I na O nimeziacha kwa kuwa watu huzichanganya na moja na sifuri. Herufi tano kati ya hizo tisa zinatoa misimbo 59,049. Nimeiweka hewani saa kumi jioni.

Jumanne

Saa tatu asubuhi dada wa malalamiko ameniletea simu bila kusema neno.

Mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, anayetumia mtandao wetu kutafuta wenzake wa kwaya, amepewa msimbo na mashine yangu: UTAMU. Akautii. Ameketi wima kwenye kochi lenye vitambaa, miwani puani, karatasi kifuani imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, UTAMU. Chini ya picha ametuandikia: "Wanangu, hii ndiyo kazi mliyosomea?"

Nimempigia mwenyewe. Shikamoo niliitoa mara mbili. Alikuwa anacheka, Mungu ambariki, lakini aliniuliza kama msichana mdogo angepewa neno hilo lingeonekanaje. Sikuwa na jibu.

Kosa ni langu: Kiswahili kikipewa A na U kinajitengenezea maneno chenyewe. Nimezitoa vokali zote mbili. Zimebaki H, M, T, V, W, X, Y, nimeongeza urefu ukawa herufi sita, na misimbo imekuwa 117,649. Hakuna neno la Kiswahili litakalotoka humo, la heshima wala la matusi.

Alhamisi

Mwenzangu ameleta wazo la kuacha karatasi kabisa, mtu aonyeshe ishara ya mkono. Mitandao mikubwa ya kutafuta wachumba imefanya hivyo miaka mingi. Nimemwuliza ishara gani. Kidole kimoja? Hiyo ni saluti ya chama cha KANU. Viwili? Wazee watakuambia hiyo ni FORD na siku za kudai vyama vingi. Mkono juu ya sikio hauna chama, ila mkono juu ya sikio haujui unamfanyia nani. Karatasi ina jina letu. Nimesema tubaki nayo.

Akauliza pia kwa nini tusiipe mashine kazi ya kulinganisha nyuso. Nilikuwa nimeshasoma. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kukisia jinsia ya mtu kwa uso wake: kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Hilo ni la jinsia. Mwaka uliofuata NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ikapima programu za kulinganisha nyuso zenyewe, na nyingi ziliwachanganya watu wa Afrika Mashariki na Magharibi kuliko watu wa Ulaya Mashariki. Programu zimeboreka tangu hapo, lakini ya bure ambayo sisi tungeweza kuipata sina hakika nayo, na wanachama wetu wote ndio hao inaowachanganya.

Macho ya watu nayo si malaika. Utafiti wa 2014 ulikuta maofisa wa pasipoti wa Australia, watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wakikubali picha 14 katika kila 100 zilizokuwa za mtu mwingine, na miaka kazini haikuwasaidia. Kwa hiyo kila picha itatazamwa na wawili, kila mmoja peke yake, na wakitofautiana tunamwomba mwanachama picha nyingine kwa adabu. Kichwani, msuko mpya na wigi vinatudanganya kila siku, kwa hiyo tumejizoeza kuanza na masikio.

Ijumaa

Mfupi leo. Dada wa Eastleigh anayevaa nikabu ameuliza nani ataiona picha yake. Jibu la kweli lilikuwa "sote watatu, wanaume wawili". Sasa mwanamke anaweza kuchagua akaguliwe na wanawake, na dada wa malalamiko amemleta binamu yake kama mkaguzi wa pili. Ilipaswa kuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Wiki ya tatu, Jumatatu

Leo nimeona aibu zaidi ya ile ya siku ya kwanza.

Tulikuwa tunatumiana picha ngumu kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, "hebu angalieni huyu". Mchana, kwenye matatu, nafungua picha zangu nimwonyeshe jirani yangu wa kiti mtoto wa dada yangu, na katikati ya mtoto na keki ya siku ya kuzaliwa pakatokea nyuso za wanachama watatu wameshika karatasi. Simu ilikuwa inazihifadhi yenyewe.

Mwaka 2023 watu walipanga foleni kwenye ukumbi wa KICC kupigwa picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Watu hawajasahau: tangu tuanze hakuna wiki inayopita bila mwanachama kutuuliza, "Mnataka uso wangu wa nini?" Nami nimekuwa nikijibu kwa kujiamini kwamba picha haitoki kwenye seva. Kumbe naitembeza kwenye matatu ya Thika Road.

Jioni hii: kikundi kimefutwa, simu zote zimesafishwa tukiwa tumeketi meza moja. Picha zinaonekana kwenye ukurasa wa ukaguzi pekee, zinafutwa uamuzi ukishatoka, na tunabaki na matokeo na tarehe basi. Mwenzangu ameongeza jambo ambalo sikulifikiria. Ndani ya faili la picha huwa mna saa, aina ya simu na pengine mahali ilipopigwa. Alifungua moja, akabofya, ramani ikatua juu ya paa la nyumba ya mtu. Sasa taarifa hizo zinafutwa picha inapofika, kabla mkaguzi hajaiona.

Jumatano

Nilijua siku hii itafika, sikujua itakuja na sura hii.

Msichana wa Embakasi ametuandikia kwamba picha zake ziko kwetu na yeye hajawahi kujiunga. Nimetafuta akaunti. Ina tiki. Nikasoma kumbukumbu za ukaguzi: wakaguzi wawili, wote ndiyo. Picha imekwishafutwa, lakini dada wa malalamiko aliikumbuka vizuri, maana ilikuwa safi kuliko zote za siku ile. Dirishani, boksi la khaki, msimbo sahihi, ndani ya muda.

Tukampigia. Alisema ndiyo, ile picha alijipiga yeye. Aliona tangazo la kazi ya kuuza dukani, akaandikiana na "meneja", naye akamwambia ajipige picha ameshika namba ya maombi ili wajue hatumi picha za mtu mwingine. Namba yenyewe ilikuwa herufi sita. Maelekezo ya dirisha na khaki, meneja alimnakilia kutoka kwetu neno kwa neno.

Kwa hiyo uso ni wa kweli, siku ni ya kweli, karatasi ni ya kweli. Tapeli hakuvunja kitu. Alisimama katikati, akatupokezanisha.

Jina letu halikuwepo kwenye ile karatasi. Wiki iliyopita nilijigamba hapa kwamba karatasi ina jina letu, na kweli maelekezo ya mwanzo yalisema hivyo. Nililitoa mimi mwenyewe watu walipolalamika kwamba kuandika ni kwingi. Nimerudi nyuma kuisoma ile sentensi yangu ya Alhamisi na sitaifuta.

Usiku huu nimekaa na jambo moja. Tangu tuanze tumeifikiria karatasi kama barua ya kuja kwetu. Msimbo tunausoma sisi, mwanga ni wa macho yetu, herufi za kioo ni kwa raha yetu. Aliyeishika haimwambii chochote.

Alhamisi

Maandishi mapya, mistari mitatu:

jina la mtandao wetu
SI KAZI, SI MKOPO
na msimbo.

Mwenzangu analalamika kwamba mstari wa pili unaogofya watu. Nimemwambia uogofye. Pia picha sasa inapigwa ndani ya programu yetu tu, msimbo unaisha baada ya dakika kumi, na picha iliyoletwa kutoka kwenye hifadhi ya simu haipokelewi. Dakika kumi hazimzuii tapeli mwenye bidii, kwa kuwa anaweza kuipiga picha ya picha. Zinampunguzia muda wa kubembeleza.

Tumebadilisha na neno la tiki. Lilikuwa "Amethibitishwa". Dada wa malalamiko alisema mtu akisoma hivyo anadhani tumemthibitisha tabia, ukoo na deni la duka. Nilipendekeza "Mwanachama wa kweli", akaniangalia tu. Ameliandika yeye: "Picha ni zake". Halivutii, halimsifu mtu, na hatuwezi kushtakiwa nalo.

Yule kijana wa Roysambu nimemtumia ujumbe kumweleza. Amejibu kwa kidole gumba.

Wiki ya nne, Jumanne

Wanachama wapya wanalalamikia mistari mitatu kama nilivyotarajia. Mmoja ameandika jina letu, akaweka nukta nukta, akaandika msimbo. Tumemrudishia.

Saa nane kasoro ujumbe umeingia kwenye ukurasa wa malalamiko, kutoka kwa mtu asiye na akaunti:

"Habari zenu. Samahani, kuna mtu ananiajiri kazi ya mapokezi, amesema niandike hii nijipige picha haraka. Sasa mbona imeandikwa si kazi? Na nyinyi ni nani?"

Ameambatisha karatasi peke yake, imelazwa juu ya meza ya plastiki, imeandikwa nyuma ya kalenda ya zamani. Mistari yote mitatu ipo. Chini ya SI KAZI amepiga mstari mara mbili.

Dada wa malalamiko amempigia hapohapo, wamezungumza karibu nusu saa, sehemu kubwa kuhusu kazi za mapokezi. Mimi nimetafuta msimbo kwenye seva nikaipata akaunti iliyouomba: picha tano, mwanamke anayetabasamu, anatafuta wa kugawana naye nyumba Kasarani. Nimeifunga. Ilikuwa bado inasubiri, na dakika zilikuwa zimebaki mbili.